Garanti Si Mali Yako
*Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13*

Baba zangu na mama zangu mnaopangisha nyumba katika Lubumbashi, fungueni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24. Musa anasema na mtu anayemdai mwenzake. Anamwamuru asimame nje. Asiingie katika nyumba ya mdaiwa na kuchagua cha kubeba. Angoje mlangoni mpaka mwenye deni amletee rehani kwa mkono wake mwenyewe. Na ikiwa mdaiwa ni maskini, na rehani yake ni nguo ya kujifunika usiku, arudishiwe kabla ya giza, apate kulala nayo.

Amri hiyo inatuhusu sisi wa Katuba na Kenya, wa Ruashi na Kampemba, wa Kamalondo na Annexe. Rehani ya Musa tunaijua vizuri. Sisi tunaiita garanti.

Mpangaji anapokuja kwako na dola za miezi mitatu mkononi, hujui zilikotoka. Pengine amepokea zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana. Pengine mke wake ameuza cherehani. Unazihesabu, unazikunja, unaziweka. Tangu saa hiyo kuna fedha katika nyumba yako ambazo si zako. Umezishika tu. Ni nguo ya mtu mwingine, na siku itafika atakapohitaji kulala nayo.

Lakini sisi tunafanya nini? Tunanunua saruji. Tunalipa shule ya watoto. Tunafanya arusi. Mpangaji anapotoa taarifa kwamba anahama, tunamwambia: ngoja kwanza nipate mtu mwingine, garanti yake ndiyo nitakulipa. Yaani tunamvua mgeni ili tumvike anayeondoka! Na huyo anayeondoka hawezi kuingia kwingine, kwa maana mwenye nyumba wa pili naye anadai garanti. Vitu vyake viko juu ya mkokoteni, watoto wamesimama njiani, na fedha zake zimekuwa tofali katika ukuta wako. Kila mwisho wa mwezi tunawakumbusha wapangaji kwamba dawa ya deni ni kulipa. Basi tuinywe na sisi dawa hiyo!

Ninajua mtakalonijibu: Mchungaji, maisha ni magumu. Ni kweli, na sitaki kulipita neno hilo haraka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière alipewa nyumba pamoja na kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Baadaye ikaja Gécamines, nayo ikaanguka katika miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule wa kuacha kazi kwa hiari, kila mmoja na bahasha yake. Wako waliofanya akili, wakapata parsele, yaani kiwanja, wakajenga anekse ya vyumba viwili nyuma ya nyumba. Leo kodi ya anekse hiyo ndiyo pensheni yao. Wajane wanakula kwa kodi hiyo, na wajukuu wanasoma kwayo.

Simhukumu mama mjane anayeishi kwa kodi hiyo. Kodi ya nyumba ni fedha halali, na wala simwambii apangishe bure. Ninamwambia hivi: wewe uliyekaa katika kambi ya kampuni unajua uchungu wa kulala katika nyumba ambayo mwingine anaweza kukutoa kesho. Unaujua kuliko mtu yeyote. Je, utamwonjesha mwenzako uchungu huohuo?

Basi sikilizeni njia ya haki, tangu siku ya kununua mpaka siku ya kuagana.

Unaponunua, usikimbilie bei ndogo. Katika mji huu parsele moja imeuzwa kwa watu wawili, hata watatu. Fishi ya komine peke yake haitoshi: nenda kwa Msajili wa hatimiliki za ardhi, ulizia sertifika, ona jina lililoandikwa. Kisha uliza swali ambalo komisionere, yaani dalali, hapendi: nani anakaa humo? Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawataja watoto kuwa warithi wa kwanza, na inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mume wake. Mashemeji wakikuletea parsele ya marehemu usiku, na mjane hajui, ondoka! Mfalme Ahabu alikuwa na jumba lake, akatamani shamba la Nabothi, akalipata kwa karatasi zenye mihuri. Mihuri haikumwokoa.

Unapopokea garanti, usivuke mpaka. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imesema wazi kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Anayedai miezi 6 au 10 kwa sababu watu wanatafuta nyumba sana anavunja sheria ya nchi na ya Mungu pamoja. Andikeni mkataba. Toa risiti. Kabla mpangaji hajaingiza godoro, zungukeni nyumba ninyi wawili na kuandika: vioo ni vingapi, kufuli zinafunga, robine inavuja au haivuji, ukuta una ufa wapi. Siku ya kuhama, karatasi hiyo ndiyo itakayosema nani aliharibu nini, wala hutakata dola hata moja kwa hasira. Na ulichopokea kwa dola, rudisha kwa dola. Ukimrudishia mafaranga kwa bei ya ubadilishaji ya miaka mitatu iliyopita, umemwibia mchana.

Fedha hizo ziweke mbali na fedha za chakula, katika akaunti yake au kwa mtu mwaminifu. Kama huwezi kukaa nazo bila kuzigusa, pokea garanti ya mwezi mmoja tu. Ni heri garanti ndogo unayoweza kuirudisha kuliko kubwa itakayokufanya mwongo.

Mpangaji akiisha kuingia, nyumba yako isimuue. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye kujenga aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Kwetu ukingo huo ni nini? Ni waya wa umeme usioning'inia juu ya maji ya kufulia. Ni kisima kisichochimbwa karibu na choo, kwa maana kipindupindu kimekwisha kuuingia mji huu zaidi ya mara moja. Ni bati lililopigiliwa kabla ya mvua za Novemba. Ni ukuta ambao mvua haitauyeyusha juu ya watoto waliolala. Na kama wapangaji wanne wanatumia konteri moja ya umeme, wakakuletea fedha za shirika la umeme, SNEL, zipeleke SNEL! Giza wanalokatiwa watu waliolipa ni dhambi ya mtu mwenye jina, na jina hilo limeandikwa kwenye mkataba.

Mpangaji akichelewa kulipa, simama nje. Musa amesema nje! Usiingie chumbani asipokuwepo. Usichukue televisheni yake wala sufuria zake. Usitoe mlango katika bawaba, usivue mabati, usikate maji ili akimbie. Kaa naye kwanza, uulize kilichompata, mwandikiane tarehe za kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana, mpe taarifa ya maandishi, pelekeni shauri kwenye huduma ya serikali ya makazi, Habitat, kisha mahakamani. Kumtoa mtu ndani ya nyumba ni kazi ya hukumu ya jaji; vijana wa barabara na nyundo zao hawana ruhusa hiyo.

Na unapochagua mpangaji, usimwulize kabila. Mji huu na mkoa huu ulikwisha kuonja sumu hiyo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye stesheni ya treni ya Likasi wakingoja mabehewa, na nyumbani mwao wakaingia wengine. Kanisa lisilie juu ya siku hizo Jumapili na Jumatatu likamnyima mtu chumba kwa sababu ya jina lake. Muulize kazi yake, muulize mwenye nyumba aliyemtangulia, inatosha.

Mtasema: lakini nyumba ni yangu. Ukuta ni wako, ndiyo. Udongo chini yake je? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali. Sisi tumepewa haki ya kuitumia. Mambo ya Walawi 25:23 inakwenda mbali zaidi: nchi ni ya Bwana, nasi tunakaa kwake kama wageni. Hakuna mwenye nyumba Lubumbashi ambaye si mpangaji. Na Mwenye nchi hajatunyang'anya mlango tulipochelewa na kodi yake.

Kwa hiyo msirudi nyumbani na machozi tu. Wiki hii chukua daftari. Andika majina ya wapangaji wako wote, na kando ya kila jina garanti uliyopokea. Jumlisha. Uone kama fedha hizo ziko. Kama haziko, anza kuzirudisha kutoka kodi ya mwezi huu, kidogo kidogo, mpaka hesabu itimie. Halafu mkumbuke yule aliyehama mwaka jana ukamwambia ngoja. Namba yake ya simu unayo. Mpigie, mpe tarehe, na tarehe hiyo ikifika, mlipe yote. Amina.