Ini la Kuoteshwa na Mahindi Yaliyonyeshewa

 

Imetufikia barua kutoka Nakuru, kwa ndugu yetu mmoja mwenye asili ya pwani hii, ambaye babu zake walipanda bara kwa reli wakabaki huko wakifanya biashara. Jina lake hatulitaji, kwani ndivyo alivyoomba. Nduguye mkubwa yu mgonjwa wa ini. Macho yamegeuka manjano, tumbo limejaa maji, na madaktari wamemwambia kuwa ini limesinyaa na kufanya makovu. Naye ana masuali matatu. Kwanza, asikia kuwa wataalamu waotesha seli za ini katika maabara juu ya kiunzi. Je, huko si kutaka kushirikiana na Mwenyezi Mungu katika kuumba? Pili, seli hizo zatoka wapi, na je, Muislamu aweza kutibiwa nazo? Tatu, yuko mtu aliyemtaka fedha nyingi ili nduguye apigwe sindano za seli shina. Je, auze nyumba ya urithi?

Masuali haya tumeyasoma katika darasa letu mara mbili, kwa kuwa tunajua wako wengi wenye kuyauliza kimoyomoyo.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke, maana wengi wetu hukimbilia kuhukumu kitu kabla ya kukijua. Seli ni kijumba kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na mwili wote umejengwa kwa vijumba hivyo. Seli shina ni ile ambayo bado haijashika kazi maalumu. Kutokana nayo yaweza kupatikana seli ya damu, au ya moyo, au ya ini. Mwaka 2006 mtaalamu wa Kijapani, Shinya Yamanaka wa Kyoto, alizichukua seli za kawaida za panya, akaziingiza jeni nne (twasema jeni, si jini, tusije tukasingiziwa), nazo zikarudi katika hali ya seli shina. Mwaka 2007 akafanya vivyo hivyo kwa seli za ngozi ya mwanadamu, na mwaka 2012 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Lakini seli zilizotawanyika sahanini si ini, kama mawe ya matumbawe yaliyorundikwa uwanjani yasivyokuwa nyumba. Ini lataka kiunzi, na njia za kupitishia damu. Mwaka 2010 wataalamu wa Boston walilichukua ini la panya, wakaliosha kwa namna ya sabuni mpaka seli zote zikatoka, ukabaki wavu mweupe wa nyuzi, mfano wa sega lililokamuliwa asali, na njia za damu zingalimo ndani yake. Kisha wakapitisha seli mpya za ini, nazo zikashika mahali pake zikafanya kazi siku kadhaa. Mwaka 2013 huko Yokohama, Takanori Takebe na wenzake waliziacha seli zijikusanye zenyewe hata zikafanya vichipukizi vya ini. Walipovipandikiza katika panya, vikaunganika na mishipa ya damu. Hata hivyo, mpaka tunapoandika haya, hajapatikana mgonjwa aliyetiwa ini zima lililooteshwa maabarani. Neno hili ndugu yetu alishike, kwani tutalihitaji kwenye suali la tatu.

Je, huku ni kuumba? Twajibu kuwa sivyo. Mkulima wa Njoro hutia mbegu ardhini, akapalilia, akavuna, wala hapana aliyepata kumwambia kuwa ameumba mahindi. Yule mtaalamu wa Kyoto hakuifanya seli kutoka katika si kitu. Aliikuta, na kanuni zake alizikuta zimekwisha wekwa ndani yake na Muumba wake. Na ini lenyewe Mwenyezi Mungu ameliumba kwa tabia ya ajabu, kwamba likikatwa sehemu kubwa kwa mtu mzima wa afya, lililobaki hukua tena kwa miezi michache hata likakaribia ukubwa wake wa kwanza. Mwenye kuitafuta siri hiyo ili aponye watu hashindani na Mola wake. Wenzetu wanaoogopa maabara, ilhali hawaogopi kumpelekea mgonjwa wa ini mganga wa kumwagulia pepo, hao ndio wa kuhofiwa juu ya itikadi yao.

Ama zatoka wapi, hapo ndipo penye hukumu. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, katika kikao chake cha Makka cha Disemba 2003, ilipambanua jambo hili. Seli zilizotwaliwa kwa mtu mzima kwa ridhaa yake pasi na madhara, au katika kondo la nyuma na kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ni halali kutibia. Bali kuiharibu mimba makusudi ili zipatikane seli ni haramu. Seli za Yamanaka, zitokazo katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe, hazina tatizo hilo. Tatizo jengine ni kiunzi, kwani baadhi ya wataalamu hutumia ini la nguruwe kwa kuwa ukubwa wake walingana na letu. Sisi twaona kuwa maadamu kuna kingine, hicho hakitumiki. Na ikifika dharura ya kufa na kupona, dharura ina mlango wake katika sharia.

Suali la tatu halitaki maneno mengi. Asiuze nyumba. Ikiwa mabingwa wa Boston na Yokohama hawajafika hapo, huyu wa sindano amelipata wapi ini? Amuulize ni hospitali gani, na jaribio hilo limeidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya kwa hati gani. Lililothibiti ni kupandikizwa kipande cha ini la mtu aliye hai, na Wakenya wengi huenda India kwa ajili hiyo. Majmaa ya Jidda ya mwaka 1988 iliruhusu kutoa kiungo namna hiyo kwa masharti: mtoaji aridhie, asipate madhara makubwa, na kiungo kisiuzwe. Basi ndugu yetu, kabla ya nyumba, awaulize madaktari kama yeye mwenyewe afaa kutoa.

Ingekuwa barua imeishia hapo, nasi tungeishia hapo. Lakini mwisho wake ameongeza habari ambayo yeye hakuihesabu kuwa ni suali. Mahindi yake yaliyokuwa yaje Mombasa yalinyeshewa. Magunia thamanini yakarowa, akayaanika juu ya turubali, na sasa ayachanganya na makavu ili yasijulikane.

Asituone twamkata maini. Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Leo twajua jambo zaidi katika habari ile. Mahindi yaliyozidi unyevu wa sehemu 13 na nusu katika mia huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika, na kiungo inachokishambulia ni ini. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani waliugua watu 317 kwa sumu hiyo, na 125 wakafa. Hao walikula nyingi kwa mara moja. Alaye kidogo kidogo miaka mingi hukaribia saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini B. Na virusi hivyo vyaenea kwa damu: kwa wembe wa kinyozi, kisu cha kutahiria, hata kuumika, ambako ni sunna, kukifanywa kwa wembe mmoja kwa watu kumi. Chanjo yake iko. Watoto wa Kenya huchanjwa tangu miaka ya 2001 na 2002, lakini sisi wakubwa wengi hatukuipata.

Hatusemi kuwa nduguye ameugua kwa mahindi. Hilo madaktari ndio wa kulisema. Twasema kuwa sima ya magunia yale italiwa Kisauni, Likoni na Mji wa Kale, na watoto wasiomjua.

Tumemjibu kwamba asiyachanganye, ayapeleke yakapimwe. Kiwango cha Kenya ni maikrogramu 10 kwa kilo. Yakizidi, asiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa ya Nakuru hunywewa na wengi. Aliyokwisha kuyauza awaarifu wanunuzi. Na ikiwa hasara hiyo itamtia katika deni asiloliweza, wenye madeni wana fungu lao katika zaka. Atuletee hesabu yake, tutaitazama katika darasa la Alhamisi.