Je, Haki Yadaiwa kwa Uwongo?

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mwambao huu, ambaye ana miaka mingi sasa akiishi Uingereza kwa kazi ya kuendesha teksi yake mwenyewe. Ameuliza mas'ala ya mali, na kwa kuwa hayakumpata yeye peke yake, tumeona heri jawabu lichapwe lisomwe na watu, kuliko kumpelekea yeye waraka wa siri. Jina lake hatulitaji, wala jina la benki yake.

Asema kwamba mwaka 2004 alikopa fedha benki, nao ulikuwa mkopo wa riba. Hilo amekwisha kulitubia na hakopi tena. Pamoja na mkopo aliuziwa bima ya kulinda malipo, yaani mkopaji hulipa fedha zaidi, ili akiugua au akifukuzwa kazi mwenye bima amlipie deni kwa muda. Akalipa miaka mitano bila ya kujua vema alipialo. Mwaka 2017 wakala wa kudai fedha hizo alimletea karatasi iliyokwisha kujazwa, nayo yasema kuwa karani wa benki alimwambia ya kwamba bila ya bima hapati mkopo. "Neno hilo sikumbuki kuambiwa," aandika ndugu yetu. "Nakumbuka nilionyeshwa pa kutia sahihi, nikatia." Basi akaitia sahihi na karatasi ya wakala, kama alivyoitia ile ya kwanza. Akarejeshewa pauni 3,180, wakala akachukua zaidi ya robo. Sasa moyo wamsuta. Je, mali ile ni halali yake? Na katika mali ile mna nyongeza iitwayo asilimia 8 kwa mwaka: je, hiyo si riba? Tena ana rafiki yake, ambaye aliijua bima ile na akaitaka, kisha naye akadai kwa maneno yale yale ya wakala akalipwa. Huyo hukumu yake ni nini?

Msomaji asiyeijua khabari hii yampasa kwanza aelezwe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo. Bima hizi ziliuzwa Uingereza kwa mamilioni mengi, zaidi baina ya mwaka 1990 na 2010. Ziliuzwa pamoja na mikopo, pamoja na rehani za nyumba na kadi za kukopea. Wengine waliambiwa kuwa ni sharti, na haikuwa sharti. Wengine walikuta alama ya kukubali imekwisha kutiwa katika karatasi kabla hawajaishika kalamu. Wakauziwa wazee waliokwisha kuacha kazi bima ya kupoteza kazi. Wakauziwa wagonjwa bima isiyolipa kwa ugonjwa waliokuwa nao. Wakauziwa watu wa kazi zao wenyewe, mfano wa ndugu yetu, bima ambayo masharti yake yalikuwa mazito mno kwa mtu asiyekuwa na bwana wa kumfukuza. Mwaka 2005 jumuiya ya kuwashauri raia, Citizens Advice, ilipeleka mashtaka yake kwa serikali. Mabenki yakashindana na wasimamizi wao mpaka mahakama kuu, yakashindwa mwezi wa Aprili mwaka 2011, ndipo mlango wa kurejesha ukafunguka wazi. Mwisho wa kudai ukawekwa tarehe 29 Agosti 2019. Ili watu wasipitwe, wasimamizi walifanya sanamu ya kichwa cha mchezaji sinema Arnold Schwarzenegger, kikawa chapiga kelele katika televisheni. Juu ya masanamu tuna kauli yetu, na si mahali pake hapa. Fedha zilizorejeshwa tangu mwaka 2011 zilipindukia pauni bilioni 38.

Na katika kesi zote, iliyonishika mimi ni ya mjane mmoja, mwalimu wa chuo, iliyokatwa na mahakama ya juu kabisa mwezi wa Novemba mwaka 2014. Bibi huyu alikopa pauni 34,000 za kulipwa kwa miaka kumi, na bima yake ikawa pauni 5,780, nayo yamlinda miaka mitano tu. Katika pauni 5,780, zile zilizomfikia mwenye bima hasa zilikuwa 1,630. Zilizobakia, 4,150, zilikuwa ujira wa udalali: dalali alichukua 1,870 na mkopeshaji akachukua 2,280. Yaani katika kila pauni mia, karibu 72 hazikuwa za bima. Naye hakuambiwa kiasi hicho. Mahakama ikasema kwamba kuficha jambo kama hilo kumeufanya muamala baina yao kuwa si wa haki.

Mimi nimesomesha mlango wa biashara miaka mingi, na mwanafunzi hunena hapa: muuzaji halazimiki kutaja faida yake. Kweli, halazimiki, akiwa amesimama kama muuzaji. Walakini mtu aliyekwendewa kutakwa shauri, akakaa kitako akasema "hii ndiyo ikufaayo", huyo amekuwa mwaminiwa. Ikiwa chini ya meza mkono wake wapokea kutoka upande wa pili, hiyo ni khiyana, ijapokuwa hakutamka neno moja la uwongo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata maji. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Hakukubaliwa udhuru huo, akaambiwa kwamba ilimpasa aweke iliyorowa juu watu waione, na akatajiwa onyo kali la wenye kughushi. Mtu yule hakusema kuwa nafaka yake ni kavu, alinyamaza tu. Basi kunyamaza huku ndiko kulikokuwa kwa mabenki.

Wako watakaosema: yeye mwenyewe aliingia mlango wa riba, anataka haki gani? Neno hili nalisikia sana kwa watu wa dini, nalo ni neno la hasira, si la ilimu. Mwenye kufanya dhambi haiwi mali yake kuwa windo la kila mtu. Suratul Baqara, katika aya ya 279, inawapa hata wale waliokuwa wakila riba rasilimali zao wakitubu, wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Ikiwa mla riba akitubu harudi mikono mitupu, itakuwaje aliyeliwa?

Tena bima yenyewe, kwa ulamaa wengi wa zama hizi, ni mapatano yenye gharari: mtu atoa fedha zijulikanazo kwa kitu kisichojulikana kuwa kitapatikana au hakitapatikana. Nasi twasema vivyo hivyo. Na mapatano yaliyofisidika hukumu yake ni kila mmoja kurejesha alichokishika. Katika hesabu za kule, aliyewahi kulipiwa na bima alipokuwa mgonjwa alikatwa kiasi hicho katika marejesho yake, na huu ni uadilifu ambao fakihi hana la kuuongeza.

Kwa hiyo asili ya mali ya ndugu yetu ni haki yake. Amenitajia mafungu matatu: pauni 1,400 alizozilipa kwa bima, pauni 500 za riba aliyotozwa juu ya bima ile kwa kuwa ilitiwa ndani ya deni, na pauni 1,280 za nyongeza. Fungu la pili lisimtishe kwa jina lake. Hiyo si riba aliyoipokea, bali ni riba aliyotozwa. Ilitoka mfukoni mwake ikarudi mfukoni mwake. Hizo 1,900 zote ni zake.

Fungu la tatu ndilo gumu. Sheria yao ilihesabu asilimia 8 kwa kila mwaka ambao fedha zilikaa mikononi mwa benki, kisha serikali ilikata kodi yake. Wako katika wasomi wa leo wasemao hiyo ni fidia ya kuzuiliwa mali, si riba. Nimelitafuta neno hili katika vitabu vya madhehebu yetu sikulipata pa kulisimamisha. Aliyepora nyumba hulipa kodi ya mfano wake kwa muda aliokaa nayo, kwa sababu nyumba hukodishwa. Aliyepora fedha hurejesha mfano wake, kwani fedha haina ujira wa kukaa. Basi pauni 1,280 ndugu yetu asizile, wala asilipie deni lake, wala asizihesabu kuwa sadaka ya thawabu. Azitoe kwa maskini au kwa maslaha ya umma, kwa nia ya kujitoa katika mali isiyo yake. Wala asipunguze humo ule ujira wa wakala. Kudai kulikuwa bure, kwa benki na hata kwa msuluhishi wa serikali. Aliyemkodi dalali wa jambo la bure alipie uvivu wake katika mali yake. (Na ujira wenyewe, wa kulipwa sehemu ya mali isiyojulikana kiasi chake, una la kusemwa pia, serikali yao iliuwekea mpaka wa asilimia 20, pamoja na kodi juu yake, mwaka 2018, baada ya watu wengi kukamuliwa.)

Sasa tuje katika karatasi. Hili ndilo lililomkosesha usingizi, na haki yake limkoseshe. Ulamaa wetu wametaja kwamba mtu akiwa hana njia ya kuikomboa mali yake mkononi mwa dhalimu ila kwa neno lisilo kweli, huwa na ruhusa. Lakini ruhusa hiyo sharti lake ni kukosa njia, na yeye njia alikuwa nayo: kweli yenyewe ilikuwa yamtosha! Lau angaliandika, "Mimi ni mtu wa kazi yangu mwenyewe; sikuulizwa kazi yangu, wala sikuelezwa kuwa bima hii ina masharti kwa watu kama mimi," hiyo peke yake ni hoja, na wengi walirejeshewa kwa hoja hiyo. Aliacha hoja ya kweli iliyokuwa mkononi mwake akaazima ya uwongo kwa wakala. Na aliyetajwa ndani ya karatasi ni karani, mtu mwenye jina lake, aliyezuliwa neno ambalo hwenda hakulisema. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni, na ndani yake mwenye kuwiwa ndiye asemaye, mwandishi akaandika. Ndugu yetu aliandikiwa na benki akatia sahihi, kisha akaandikiwa na wakala akatia sahihi. Mara mbili maneno yalikuwa ya mtu mwingine na mkono ulikuwa wake. Hata hapa kwetu, akopaye benki leo huikuta bima ya mkopo miongoni mwa makato yake. Sijui ni wangapi wauulizao mstari ule ni wa nini.

Jawabu lake basi: mali ya asili ni yake, kwa kuwa haki ilikuwapo kweli kabla ya uwongo, uwongo haukuizaa. Dhambi ya uwongo ni dhambi mbali, na toba yake ni kujuta na kuazimia, tena na kuliondoa lile neno alilomzulia karani. Naona amwandikie benki barua fupi aseme kuwa maneno yale si yake, na aeleze yaliyokuwa. Sidhani kama benki itataka kitu kwake.

Ama rafiki yake, hapa nilisita siku nyingi. Aliijua bima, akaitaka, akailipia kwa macho mawili, kisha akasema alilazimishwa. Atanihoji kwa maneno yangu mwenyewe: si umesema mapatano yalifisidika, kila mtu arejeshe? Namjibu kwamba hilo ni kweli baina ya watu wawili wenye kuhukumiwa kwa sheria hiyo, lakini yeye hakudai kwa hoja hiyo, na hao aliowadai hawakumpa kwa hoja hiyo. Walimpa kwa kuwa walimsadiki. Imamu Shafi'i katika Kitabul Umm amebainisha kwamba Mwislamu aliyeingia nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani, mali zao ni haramu juu yake kwa khiyana. Naye amekaa kule kwa ahadi na karatasi za serikali yao. Na Mtume (S.A.W.), katika khabari ya Ummu Salama, amewaonya wanaoshitakiana kwake kwamba hwenda mmoja ni fasaha kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alivyosikiwa, na akatwaacho katika haki ya nduguye ni kipande cha moto. Kwa hiyo sisi Shafi'i twasema hukumu ya kadhi hupita kwa dhahiri, haigeuzi batini. Ikiwa ni hivyo kwa hukumu ya Mtume, seuze hukumu ya msuluhishi wa mabenki.

Yeye na aikadirie kesi yake bila ya uwongo. Ikiwa ujira wa udalali katika bima yake ulipita nusu na hakuambiwa, basi baada ya kesi ya yule mjane sheria yao wenyewe ilimpa ile ziada iliyopita nusu, aulize ajue ni kiasi gani. Hicho akae nacho. Kilichobakia akirejeshe. Na asikitoe sadaka, kwani mali ambayo mwenyewe ajulikana haitolewi sadaka na mtu mwingine. Na mwenyewe hapa ni benki, ipendwe isipendwe. Akiwa amekwisha kuitumia, ni deni juu yake, atalilipa kidogo kidogo awezavyo, na aandike wasia wake lijulikane na warithi.

Wallahu aalam.