Hoki ya Barafu ya Wanawake: Hasara ni ya Nani?

Wengi wetu hatujawahi kuona uwanja wa barafu ila kwenye simu. Huenda ukauliza, ndugu msomaji, hoki ya wanawake wa Kanada na Marekani inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu mjadala wake ni ule ule tunaousoma katika fiqhi ya miamala, katika mlango wa ujira.

Hukumu ya mwanamke kucheza mbele ya wanaume ina masheikh wake, nami siingii huko (ingawa mchezaji wa hoki hujifunika kofia ngumu, kinga na glavu hata mama yake hawezi kumtambua). Swali langu ni la haki ya mfanyakazi, na haki hiyo haibagui dini.

Wanaopinga ligi hizi kugharimiwa husema mshahara hutoka kwenye mauzo. Tiketi zisipouzika, wachezaji wasidai. Hoja hii si ya kijinga. Hakuna anayelazimika kununua tiketi, wala ligi ya wanaume haidaiwi kugawa fedha zake. Hata ujratul-mithl, yaani ujira wa mfano wake, wanazuoni huupima kwa desturi ya soko.

Lakini tutazame yaliyotokea. Ligi ya CWHL ya Kanada ilianza mwaka 2007, na kwa miaka 10 wachezaji wake hawakulipwa mshahara. Walifanya kazi nyingine mchana, wakacheza usiku na mwisho wa wiki. Mwaka 2017 wakaanza kupewa dola 2,000 hadi 10,000 kwa msimu. Mwaka 2019 ligi ikafungwa. Ligi nyingine ya Marekani, NWHL, ilianza mwaka 2015 kwa kulipa mishahara, kisha ikaikata katikati ya msimu wake wa pili. Mei 2019 wachezaji wapatao 200 wakatangaza kwamba msimu huo hawatacheza katika ligi yoyote ya Amerika Kaskazini.

Sasa turudi darasani. Katika mudharaba, biashara ikianguka, mwenye mtaji hupoteza mali yake na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Ikifanikiwa, wote wawili hugawana faida. Katika ijara, mfanyakazi hana fungu katika faida, lakini ujira wake ni deni hata kama tajiri hakuuza kitu. Wachezaji hawa waliwekwa katikati. Ulipofika wakati wa hasara walibebeshwa kama washirika; ulipofika wakati wa kuamua walikuwa waajiriwa tu. Mimi naona dhuluma iko hapo, si katika udogo wa mshahara. Asiye tayari kubeba hasara asianzishe ligi kwa jasho la watu wengine.

Na lile soko lililosemekana halipo? Januari 2024 ilianza ligi mpya, PWHL, kwa mtaji wa tajiri Mark Walter. Mkataba wa wachezaji ulikamilika kabla mechi ya kwanza haijachezwa: kima cha chini dola 35,000 kwa msimu, na kila timu iwe na wachezaji sita wanaolipwa dola 80,000 au zaidi. Aprili mwaka huo watu 21,105 waliingia kutazama mechi moja mjini Montreal, mji ambao timu yake ya wanawake ilikufa pamoja na CWHL miaka mitano kabla. Bidhaa iliyofichwa stoo haiwezi kusemwa imekosa wateja. Kuitangaza ni sehemu ya biashara yenyewe, na mwenye mtaji asiitangaze kisha akamlaumu mchezaji kwa viti vitupu.

Bado sijatulia moyo. Ligi hiyo ilianza timu zake zote zikiwa mali ya Walter mwenyewe, na mtu mmoja anaweza kuchoka. Ila safari hii wachezaji wana mkataba ulioandikwa, unaofika mwaka 2031, na hasara ya miaka ya mwanzo iko upande wa mwenye mali.

Wallahu a'lam.