Daftari la Kijana wa Kiseke

Kijana alikuja kwangu hapa Kiseke jioni, daftari kwapani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alilifungua mezani. Lilijaa majina yaliyoandikwa kwa mkono, mtaa kwa mtaa, kuanzia nyumba za PPF mpaka kule juu kwenye mawe: zaidi ya watu mia sita walioahidi kumuunga mkono akichukua fomu ya udiwani. "Mzee," akaniambia, "hawa wakinibeba, nani wa kunishusha?"

Nilimpenda kwa bidii yake, na papo hapo nikamwogopea. Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu mwaka 2015. Akasema alikuwa bado shule ya msingi. Anakumbuka watu wakizungusha mikono barabarani, basi. Nikamwambia avute kiti.

Nilianzia mahali anapopajua. Kila Juni, kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi hujulikana kwa kuangalia watu wameelemea wapi. Mtazamaji akichoshwa na ngoma hii anahamia ile, na kwa miguu yake amepiga kura. Ndiyo maana wacheza ngoma wa zamani waliitafuta samba, dawa ya kuvuta watu, na wengine wakaingia uwanjani na nyoka au fisi. Aliyejaza uwanja kashinda, hakuna wa kumkatalia.

Edward Lowassa, kada wa CCM aliyeutaka urais mwaka ule wa 2015, aliijua ngoma ya namna hiyo kuliko mwanasiasa yeyote wa wakati wake. Aliicheza mahali ambapo waamuzi walikuwa wamekaa ndani, mlango umefungwa.

Sisi wa kanda ya ziwa tulikuwa na sababu zetu za kumsikiliza. Alipokuwa Waziri wa Maji na Mifugo, ndiye aliyesimama kidete kwamba Tanzania itachota maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele, Misungwi, na kuyapeleka Kahama na Shinyanga, wakati Misri ikishikilia mkataba wa 1929 ambao Waingereza waliuweka bila kumuuliza mtu yeyote wa pwani hizi. Maji yalifika. Mtu aliyefanya jambo la namna hiyo hahitaji samba.

Desemba 2005 akawa Waziri Mkuu. Miaka miwili baadaye ikaja kashfa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wakati wa mgawo mkali, ikabainika haina uwezo wa kazi ile. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikatoa ripoti, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa akajiuzulu, akilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Malalamiko yake yalikuwa na uzito. Lakini tangu siku ile jambo lilibaki hivyo hivyo: hakushtakiwa, hakusafishwa. Yeye alisema hana hatia, wengine waliendelea kumwita fisadi, na kila upande ukaona inatosha. Kwa mtu anayetaka kwenda Ikulu, miaka saba ya jambo lililoachwa nusu ni mirefu mno. Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa hakimsumbui mwenye nacho peke yake. Kinawapa sababu wote wanaotaka kukaa mbali naye.

Mapema 2014 chama chake kilimpa onyo waziwazi. CCM iliwafungia makada sita kwa miezi 12 kwa kuanza kampeni kabla ya wakati: Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja wa Sengerema. Wengine walipunguza sauti. Kambi ya Lowassa ilizidi kujaa. Makundi ya vijana, ya viongozi wa dini, ya waendesha bodaboda yalikwenda nyumbani kwake kumshawishi agombee, na ulipozuka ubishi juu ya ziara hizo, jibu lililoenea ni kwamba mafuriko hayazuiliwi kwa mkono. Jibu hilo lilipendwa sana mitaani. Sidhani liliwafurahisha waliokuwa na kalamu.

Tarehe 30 Mei 2015 alitangaza nia katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, akaiita safari ya matumaini. Wale waliokuwapo watakwambia uwanja ulitapika watu. Kanuni zilimtaka kila mgombea apate wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Yeye alikusanya mamia ya maelfu, na kila mkoa alioingia ulisimama. Makada 42 walichukua fomu mwaka ule. Mmoja wao, waziri wa ujenzi kutoka Chato, ng'ambo ya maji yetu haya, aliyewahi kufundisha Sengerema na kufanya kazi Nyanza hapa Mwanza, alichukua ya kwake kimya kimya, akakataa kuhutubia, akaenda zake kutafuta wadhamini.

Hapa Kiseke nilikuwa na jirani, mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Alichapisha fulana kwa fedha zake mwenyewe, akachangia nauli ya vijana wa kwenda Dodoma, na akaanza kuzungumza kama mtu ambaye kesho ataitwa ofisini kwa mkuu wa mkoa. Nilimuuliza jina litapitia wapi kabla ya kufika kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, nani atathubutu?"

Njia yenyewe ilikuwa imeandikwa, wala haikuwa siri. Majina yanaanzia Kamati ya Usalama na Maadili. Kutoka hapo yanakwenda Kamati Kuu, ambayo inabakiza matano. Halmashauri Kuu inapunguza hadi matatu. Mkutano Mkuu ndio unachagua moja. Hesabu ya Lowassa ilikuwa nzuri kwenye Mkutano Mkuu, na nzuri pia kwenye Halmashauri Kuu. Lakini yote hiyo ilikuwa hesabu ya sebuleni, na yeye alikuwa bado hajavuka kizingiti.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai, kule Dodoma, majina matano yalitoka: Membe, Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli, yule waziri wa Chato. Jina lililokuwa likiimbwa nchi nzima halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje usiku ule ule wakawaambia waandishi wa habari kwamba hawaungi mkono uamuzi huo, kwa sababu majina ya wagombea wote hayakuletwa mbele yao wayajadili. Kesho yake Jakaya Kikwete, mwenyekiti wa chama, alipoingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, wajumbe wengi walisimama wakaimba kwamba wana imani na Lowassa. Fikiria jambo hilo: ukumbi mzima unaimba jina la mtu mbele ya mwenyekiti, na jina lenyewe halipo kwenye karatasi ya kura.

Kisha wakapiga kura. Membe na Makamba wakaanguka. Tarehe 12 Julai Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59.

Jirani yangu alikaa siku mbili hakutoka nje.

Wakati huu kijana alikuwa ameacha kupekua daftari. Akaniuliza kama walimwonea. Nilimjibu nilivyoamini siku ile na ninavyoamini leo: chama kina haki ya kuchuja, lakini kumkata mtu anayependwa na mamilioni bila kueleza hadharani kwa nini ni kuwadharau wanachama. Mpaka leo tunabahatisha sababu. Hilo ni kosa la waliokuwa ndani. Lakini la Lowassa mwenyewe naliona pia, na ndilo ninalotaka kijana aondoke nalo, maana la chama halimo mikononi mwake.

Lowassa hakuwa mgeni wa mlango ule. Mwaka 1995 yeye na Kikwete walikwenda pamoja kuomba urais, marafiki wawili vijana. Jina lake halikufika kwenye Mkutano Mkuu. Inasimuliwa na wengi kwamba Mwalimu Nyerere ndiye aliyemkataa. Jina la Kikwete lilifika. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Benjamin Mkapa, na katika duru ya pili akashindwa, 639 kwa 686. Aliongoza, akaangushwa, akashika mkono wa mshindi, akatumwa kazi miaka kumi. Mwaka 2005 alirudi na kushinda, na Lowassa alikuwa nguzo ya ushindi huo. Kwa hiyo huyu bwana alijua kwa macho yake jinsi jina linavyokatwa, na jinsi jina lililoshindwa linavyofufuliwa. Alikuwa na miaka 20 ya kuwaendea wazee wa chumbani mmoja mmoja, na saba ya mwisho ya kuwaomba wamsikilize juu ya Richmond, kusema palipo na kosa lake na pasipo. Nguvu nyingi zikaenda kwenye viwanja. Kila uwanja uliojaa uliwaongezea waliokaa ndani hofu badala ya imani.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tarehe 28 Julai alihamia Chadema, chama ambacho kiongozi wake, Dk. Willibrod Slaa, alikuwa amelisoma jina la Lowassa katika orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga mwaka 2007. Slaa akajiondoa kwenye siasa za vyama, Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Umati ukahama naye, mikono ikazungushwa, na hata jirani yangu akatoka ndani akavaa gwanda la Chadema. Oktoba 25 Lowassa alipata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, Magufuli 8,882,935. Hapa Ilemela kiti cha ubunge ambacho Chadema ilikipata 2010 kilirudi CCM, na Nyamagana vivyo hivyo. Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa mwenyewe alirudi CCM, akapokewa na mtu aliyemshinda. Februari 10, 2024 alifariki Dar es Salaam, akazikwa Monduli.

Na wawili kati ya wale watatu wa usiku wa Dodoma? Sophia Simba alifukuzwa uanachama Machi 2017. Nchimbi alipewa onyo, akatulia, akatumikia ubalozi, na Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa chama kile kile. Chumba hakisahau, lakini kinasamehe kwa utaratibu wake, na anayetaka kuingia humo hana budi kuujua utaratibu huo kabla hajachapisha fulana.

Kijana alinyamaza kitambo. Nje pikipiki zilikuwa zikipanda kuelekea Buswelu. Alilifunua daftari lake hadi ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na jina, akachukua kalamu.

"Kamati ya siasa ya kata," akasema, "wanakaa nani na nani, mzee?"

Nikamtajia mmoja mmoja, kuanzia mwenyekiti hadi wa jumuiya. Aliandika wote. Halafu akarudi juu, akapiga mstari chini ya majina mawili, akaniambia hao hajawahi hata kuwaamkia. Mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao.