Nani Alimwambia Bibi Kuwa ni Mazoezi?

Nilikuwa darasa la nne hapa Kabungu siku ndege ilipopita chini, chini kabisa, mpaka mabati ya darasa letu yakatetemeka. Ilikuwa kiangazi, tumekaa chini ya mwembe tukisubiri uji. Sisi watoto tukakimbilia uwanjani tukipunga mikono na kupiga kelele. Tulifurahi ajabu. Kwetu sisi ilikuwa sinema ya bure.

Nyuma ya shule aliishi bibi mmoja. Alivuka kuja Tanzania mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipomtoa kwao, akaishi makazi ya Katumba miaka mingi, kisha akaja Kabungu kwa binti yake aliyeolewa hapa. Siku ile tulimkuta kalala kifudifudi kwenye matuta ya viazi, mjukuu wake kambana chini ya kifua, kanga kajifunika kichwa chote. Mama yangu alimwinua, akampangusa udongo. "Tulia bibi, watu wanasema ni mazoezi tu." Bibi akamtazama, akasema: "Haya mwanangu. Na mimi nani aliniambia kuwa ni mazoezi?"

Sisi watoto tulicheka. Leo sicheki tena, na swali la bibi ndilo ninalotaka tulijadili hapa. Je, kuigiza shambulio ni jambo lisilo na hatia kwa sababu tu hakuna anayekufa?

Mimi ni mwandishi anayeanza. Nimemaliza kidato cha nne, sina cheo wala kazi ya mshahara, nina madaftari manne ya riwaya ambayo bado haijapata mchapaji. Mhusika wangu mkuu ni rubani wa ndege ya kivita. Nikaona siwezi kumrusha hewani bila kujua ni nani humtuma. Nikasoma nilichopata, nikamsumbua mzee mmoja mstaafu wa jeshi pale Mpanda mjini, tukakaa naye kwenye kahawa jioni kadhaa. Nilitegemea kusikia habari za ushujaa. Kumbe nilichokikuta ni kazi ya ofisi!

Naam, shambulio la mazoezi huanza mezani. Mkuu anasema anataka vijana wake wajifunze nini: kuruka usiku, kupenya rada, kuzuia msafara wa adui. Watu wa upelelezi wanamtunga adui. Wanampa nchi, mipaka, rada na makombora, wakati mwingine hata sababu ya kugombana nasi. Upande mmoja unaitwa Wekundu, mwingine Bluu. Halafu watu wa mipango wanachukua ramani na kuanza kuhesabu kinyumenyume. Wanaweka kwanza saa ya kufika juu ya shabaha, kisha wanarudi nyuma: saa ya kupaa, saa ya kuwasha injini, saa ya rubani kupewa maelekezo, mpaka saa ya fundi kuamka usiku kwenda kukagua tairi. Mtu wa hali ya hewa anasema yake, mtu wa mafuta anasema yake. Mwisho yote hayo yanaingia katika amri moja ya maandishi. Kikosi fulani kitatoa ndege kadhaa, wataitana kwa jina fulani kwenye redio, watapiga shabaha fulani, saa fulani na dakika yake. Katika majeshi makubwa ya anga amri ya namna hiyo hutolewa kwa kila siku moja ya kazi, na huanza kuandaliwa kama siku tatu kabla.

Bomu lenyewe linaweza lisiwepo kabisa. Rubani anabonyeza, kompyuta inaandika, waamuzi wanaamua nani kapiga na nani kafa. Wakishatua wanakaa kikao kirefu, mara nyingi kirefu kuliko safari yenyewe, wanachambua kila kosa. Mzee aliniambia kikao kizuri ni kile ambacho mdogo anaweza kumwambia mkubwa, "Afande, hapa ulikosea," na asifungwe.

Sasa tuje kwenye swali. Kuna watu watasema, hao ni watu wazima wanaokaa mezani kujifunza kuua, dhambi iko wazi. Mimi nasema tusiende haraka hivyo.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Katika siku za mwanzo za vita vile, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa na askari wetu wenyewe waliodhani ni za adui. Hebu fikiri. Rubani ametoka kulinda nchi yake, na mwenzake aliye chini, naye analinda nchi hiyohiyo, anamtungua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mbaya. Makosa ya namna hii ndiyo yanayotakiwa kuonekana kwenye mazoezi, ambako mwamuzi anaandika tu "umemuua mwenzako" na jioni mnakula ugali pamoja huku unaona aibu. Aibu ya mazoezi ni nafuu kuliko msiba.

Marekani nao walijifunza hilo kwa gharama. Vita vya Vietnam viliwaonyesha kwamba rubani yuko hatarini zaidi katika safari zake 10 za mwanzo vitani. Akizivuka, nafasi yake ya kurudi hai inapanda sana. Basi mwaka 1975 wakaanzisha mazoezi yanayoitwa Red Flag katika jangwa la Nevada, ili safari hizo 10 azifanye nyumbani kabla ya kuonana na adui wa kweli. Kwa hiyo kusema mazoezi yote ni uovu ni kumwambia kijana wa watu aende akajifunzie kifoni. Siwezi kusema hivyo.

Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo, maana mazoezi yanamfundisha mtu kurudi hai na pia yanamfundisha kutazama. Na mpangaji anatazama nini? Anatazama alama kwenye ramani.

Chukua mfano wa Entebbe, jirani zetu hapo Uganda. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikapelekwa pale, na Israeli wakaamua kwenda kuwachukua mateka kwa nguvu. Kabla ya kuondoka walisimamisha mfano wa jengo la uwanja ule, wakarudia kulivamia mpaka kila mtu akajua hatua zake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai ndege nne za mizigo zikatua Entebbe. Mateka zaidi ya 100 wakaokolewa, na dunia ikapiga makofi. Nami sikatai, mateka wale walikuwa watu wasio na kosa. Lakini askari wa Uganda waliouawa usiku ule ni makumi. Wengi wao walikuwa vijana waliopangiwa zamu tu, kama ambavyo mimi au wewe tungepangiwa. Katika jengo la mfano walikuwa kizuizi cha kuondolewa haraka. Siku ya kweli walikuwa na mama zao.

Na mpangaji anaweza kukosea hata hicho anachokitazama. Huku kwetu ziwani Tanganyika, Juni 1916, ndege za Wabelgiji zilikwenda Kigoma kuipiga mabomu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Kwenye mpango ile ilikuwa meli ya kutisha. Kumbe Wajerumani walikuwa wameshauondoa mzinga wake mkubwa, wakasimamisha mwingine wa mbao! Bomu la kweli likaletwa juu ya mzinga wa uongo. Meli yenyewe wengi mnaijua, maana baadaye iliibuliwa kutoka majini na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Ya Kigoma niliposoma nilimkumbuka bibi, kwa sababu yake ilikuwa kinyume chake. Kule kitisho cha uongo kililetewa bomu la kweli. Hapa Kabungu ndege ya mazoezi ilileta hofu ya kweli. Na mahali pote pawili aliye juu hakujua kilichoko chini.

Usidhani hofu hiyo ni ya bibi wa kijijini tu asiyejua mambo. Novemba 9, 1979, kule Marekani, mkanda wa mafunzo wenye shambulio la kuigiza la Wasovieti uliingia kwenye kompyuta zilizokuwa kazini. Skrini zikaonyesha makombora yanakuja, ndege za kivita zikapaa, mpaka walipoangalia rada na setilaiti wakakuta anga ni tupu. Novemba 1983 nchi za NATO zikafanya mazoezi ya namna ya kuagiza silaha za nyuklia, jina lake Able Archer. Wasovieti wakawa na wasiwasi kwamba huenda si mchezo, wakaziweka tayari baadhi ya ndege zao Ujerumani Mashariki na Poland. Wakubwa wenye nyota mabegani nao walikuwa wakiuliza swali lilelile la bibi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hapo ulikaribia kuitumbua dunia nzima.

Hivyo basi, jibu langu ni hili. Shambulio la kuigiza ni mchezo kwa yule tu anayejua kuwa ni mchezo. Kwa asiyejua, limeshakuwa shambulio, hata kama hakuna risasi. Mpangaji anayehesabu mafuta, mawingu na dakika lakini hahesabu watu watakaosikia kishindo, amri yake bado haijakamilika.

Mwenzangu atanibishia: siri za jeshi je? Kijiji kizima kikiambiwa, adui naye si ataambiwa? Hoja hiyo ina uzito, ila si mkubwa kama inavyodhaniwa. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa ramani. Majeshi mengi hutangaza kwamba eneo fulani kutakuwa na mazoezi siku fulani, wavuvi na wachungaji wakae mbali, na siri zao zinabaki salama. Mwenyekiti wa kijiji akipewa maneno mawili tu, "Jumatano, msiogope," bibi angebaki amekaa na mjukuu wake wakimenya viazi.

Kuna jambo moja katika kazi ile lililonigusa kuliko yote. Katika mazoezi ya anga linawekwa neno la kusimamisha. Yeyote akiona hatari ya kweli, ndege mbili zinakaribiana mno, mwenzao kazidiwa, anatamka neno hilo kwenye redio, na wote wanaacha. Hata rubani mdogo kuliko wote analo. Nilimwuliza mzee, "Na vitani je, neno hilo lipo?" Alinyamaza, akamaliza kahawa yake, akasema, "Vitani linabaki kichwani mwako, kijana, kama ulilizoea." Nadhani hapo ndipo kipimo kilipo. Mazoezi yanayomzoeza kijana kubonyeza tu yanamharibu. Yanayomzoeza pia kusema "acha" hata mbele ya mkubwa wake, hayo ninayatetea.

Sasa nisiwanyooshee wanajeshi kidole na kujisahau. Vijana wenzangu mnaoandika, na sisi si tunakaa mezani tunapanga mauaji? Juzi nilifungua daftari langu la tatu, sura ya tano. Nimeandika: "Shambulio likafanikiwa. Adui ishirini waliuawa." Basi, nikaruka mstari, nikamrudisha rubani wangu nyumbani kwa mchumba wake. Watu ishirini nimewafuta kwa sentensi moja, na sikuwapa hata jina! Nilijiona sina tofauti na yule mwenye ramani, tena yeye anao waamuzi wa kumhoji. Mimi nani ananihoji?

Nimeichana ile kurasa. Sasa katika sura ya tano yuko mlinzi mmoja wa zamu ya usiku. Amevua kiatu kimoja kwa sababu kinambana, na anafikiria ada ya mdogo wake. Ndege bado haijafika. Nimeandika hapo mara tatu na sijui kama nitaweza kuifikisha.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Mjukuu wake yule ni kijana mkubwa sasa, anasema akimaliza shule anataka kujiunga na jeshi awe rubani. Sikumkataza. Nilimwambia tu kwamba siku atakapokabidhiwa ramani na kalamu, atazame vizuri kama kwenye ile karatasi kuna matuta ya viazi.