Mazoea nayo ni mali

Aliyeswali miaka ishirini haulizi tena baada ya rukuu kinafuata nini. Viungo vinajua, na hapo ndipo akili hupata nafasi ya kuzingatia kinachosomwa. Ikienda kuhesabu kodi ya nyumba badala yake, kosa si la mazoea.

Kazi za dunia nazo ni hivyo hivyo. Mtazame mfugaji wa Nainokanoka, kule juu Ngorongoro. Alfajiri kuna baridi kali. Ng'ombe wanakamuliwa, ndama wanabaki, kundi linatoka. Hajiulizi njia ya kwenda majini, wala majani ya msimu huu yako upande gani. Kwa kuwa hajiulizi hayo, jicho lake linamwona yule ng'ombe mmoja anayechechemea.

Kuanzia mwaka 2022 serikali imehamishia Msomera, Handeni, kaya nyingi za Ngorongoro. Yenyewe inasema ni kwa hiari (hilo la hiari lina mjadala wake). Wahamaji walipewa nyumba na mashamba, vitu vinavyohesabika. Lakini mtu wa nyanda za baridi akiteremshwa kwenye joto, kila jambo linarudi kuwa swali: maji wapi, malisho wapi, jirani ni nani, mbuzi huyu anaumwa nini? Akili inashinda kutwa kwenye yale ambayo zamani miguu iliyajua yenyewe. Ya kuwaza mustakabali wa wanawe itabaki saa ngapi?

Mimi ni mwalimu wa dini, si mthamini wa mali. Lakini nauliza: katika zile fomu za fidia, hasara hii iliandikwa safu ipi?