Je, Aliyepona Amemsahau Marehemu?

Washarika huniuliza maswali mawili kuhusu tiba ya kiwewe kwa miondoko ya macho. La kwanza ni jepesi: je, huo si uganga? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na mama: nikipona, si nitakuwa nimemsahau mwanangu?

Nianze na lile jepesi. Tiba hii ilianzishwa na Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987, akitembea bustanini, aliona kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali wakati macho yake yakienda huku na huku. Alilifanyia utafiti jambo hilo, akauchapisha mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii miongoni mwa zile zinazofaa kwa watu waliobaki na kiwewe. Mgonjwa huketi na mtaalamu, na baada ya maandalizi hulikumbuka tukio huku macho yake yakifuata kidole kinachokwenda kushoto na kulia. Halazimiki kulisimulia lote. Wataalamu wenyewe hubishana kama yanayosaidia ni macho, au ni kule kukumbuka mahali salama mbele ya mtu anayeijua kazi yake. Wengine hueleza kwamba akili ikigawanywa kati ya kumbukumbu na kidole, ile picha hukosa nafasi ya kuwaka kama zamani. Anayevuka mto juu ya gogo na ndoo kichwani hana nafasi ya kugombana na mtu.

Hakuna kafara hapo, wala hirizi, wala jina linaloitwa. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Luther alifundisha kwamba kazi za wanadamu ni kama vinyago ambavyo Mungu hujificha nyuma yake, na sisi tunaobeba jina lake hatuna sababu ya kumkataa mtaalamu kwa sababu hakuanza kwa haleluya. Ila naomba wainjilisti wetu wasianze kupungia watu vidole madhabahuni. Kiwewe kikifunguliwa na asiyejua kukifunga humwumiza mtu upya.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Huku Mchombe maji hutulisha mpunga, na maji hayo hayo huchukua watu. Wengi tunakumbuka Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipozama. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na kivuko kikawa historia. Lakini bonde lina vijito na mabwawa mengi yasiyo na daraja. Mama mmoja (nimebadili mambo kadhaa ili asitambulike, naye ameniruhusu) alimpoteza mwanawe mtumbwi ulipopinduka. Kwa miaka, mvua ilipoanza kugonga bati, yeye hakuwa tena nyumbani kwake. Alikuwa majini, na mkono wa mtoto ulikuwa unateleza. Hapo ndipo kiwewe hutofautiana na huzuni. Huzuni husema mtoto alikufa. Kiwewe husema anakufa sasa, na kesho mvua ikinyesha atakufa tena.

Kwenye jumuiya aliambiwa ya kale yamepita, amwachie Bwana. Ndugu zake walimpatia mtaalamu mjini, naye akakataa. Aliniambia, "Baba Mchungaji, ile picha ndiyo kitu pekee alichoniachia. Wakiitoa, nitakuwa nimemwachilia mkono mara ya pili."

Ni rahisi kumjibu kwamba tiba haifuti kumbukumbu. Ni kweli haifuti. Lakini yeye hakuwa akiuliza habari za ubongo. Alikuwa anasema maumivu ni deni analomlipa marehemu, na anayeacha kulipa amevunja uaminifu. Hilo ni neno la mtu anayependa, na halifai kujibiwa kwa haraka.

Nilimpelekea habari za Yusufu. Alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu na nyumba ya baba yake (Mwanzo 41:51). Tazama alichofanya: kila alipomwita yule mtoto aje kula, alitamka kusahau kwake, na kwa kulitamka akakumbuka! Kisha ndugu zake walipokuja, alijitenga akalia, si mara moja. Kilichokuwa kimeondoka ni shimo. Nyumba ya baba yake haikuondoka moyoni. Hakuwa tena ndani ya shimo alipowatazama waliomtupa humo.

Ile picha ilikuwa inafanya nini kwa yule mama? Ilikuwa inamficha mtoto. Miaka minane ya maisha yake ilikuwa imefunikwa na dakika moja. Hatimaye alikwenda, akahudhuria vikao kwa miezi kadhaa. Aliporudi alinisimulia jinsi mwanawe alivyokaa juu ya dungu akirushia ndege mawe, akikosa, akicheka. Alilia sana. Sikuwahi kumsikia akimtaja akiwa hai. Mitumbwi haipandi mpaka leo, na sioni sababu ya kumdai aipande ndipo tuamini kwamba Mungu alikuwepo. Sisi washarika tunapenda ushuhuda wenye mwisho mzuri, tupige makofi twende nyumbani. Bwana mfufuka alimwonyesha Tomaso mikono yenye alama za misumari (Yohana 20). Hazikuwa zinavuja damu, wala hazikufutwa.

Mumewe hajaenda. Anasema zamu yake ya kukesha haijaisha. Simsukumi. Nikipita kwake jioni tunaongea habari za mpunga, na siku moja moja yeye mwenyewe hulitaja jina la kijana, kisha hunyamaza.